Usifunue Hotpoti Kabla ya Ndege

Siku ya kuniaga kazini, Yussuf na Kassim, madereva wawili wanaobaki na gari, waliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Walisema nikisimulia kwa mdomo nacheka kabla ya kufika mwisho, na wao wanabaki wakinitazama bila kuambulia kitu. Ni kweli. Hata sasa sijaanza na tayari mke wangu ameuliza kutoka chumba cha pili nacheka nini peke yangu. Basi vijana wangu, kaeni vizuri. Habari za mshahara hamtazikuta hapa, mnazijua, na zinatosha kumharibia mtu siku. Za cheo pia hakuna, maana niliingia dereva nikatoka dereva, na katikati nilibadilishiwa gari tu.

Kwa msomaji ambaye hajafika Wajir, kazi yetu ni hii. Ofisi inauza tiketi za ndege ndogo ya Nairobi, na dereva anazunguka mjini asubuhi akichukua abiria nyumba kwa nyumba hadi uwanjani. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Isiyoandikwa ni kwamba hakuna mtu wa Wajir anayepanda ndege mikono mitupu. Nairobi kuna dada, kuna mjomba, kuna mwanafunzi wa chuo anayelia kwa simu kwamba nyama ya huko ni kama kutafuna ndala. Kwa hiyo kila safari ya uwanjani lazima ipitie jikoni kwa Eedo Halima, yaani shangazi Halima, mpishi wa mji, ichukue chakula cha moto, ndipo iendelee. Dereva asiyejua kubeba chakula si dereva, ni mtu aliyeshika usukani.

Mimi nilizaliwa Garissa, nikalelewa karibu na mto, na nilipofika Wajir nikiwa kijana nilidhani najua kuendesha. Aliyenipokea ni Adeer Bulle, yaani Ami Bulle kwa heshima, dereva aliyenitangulia, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina aliyezungumza na gari zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Siku ya kwanza alininyima ufunguo. Aliniketisha nyuma, akaniwekea mapajani hotpoti ya wali na mchuzi, lile bakuli nene lenye kifuniko linalotunza moto, kisha akaendesha kwa kasi yake ya kila siku mpaka uwanjani. Kila shimo la barabara lilinifikia mapajani likiwa na mchuzi. Tuliposhuka nilikuwa natembea kama mtu aliyepanda ngamia kwa mara ya kwanza. Adeer Bulle akanitazama, akasema sasa naijua barabara, na kesho yake akanipa ufunguo.

Mengine alinifundisha polepole. Hotpoti haiwekwi kitini wala mapajani, inawekwa sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, juu ya taulo lililokunjwa, ikafungwa kwa kikoi na fundo liwe juu ya kifuniko. Chupa ya basbaas, ile pilipili yetu ya kijani, inasimama ndani ya kiatu. Ndiyo, kiatu. Ninacho kiatu kimoja cha mguu wa kushoto ambacho hakijawahi kuvaliwa na mtu, na ndicho kifaa nitakachowarithisha. Sambusa hukaa juu ya kila kitu na haziguswi na dereva, hata zikinukia namna gani.

Kuhusu susa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachuka, nitasema neno moja tu. Msiyaache juani yakiwa kwenye jerikani iliyofungwa kwa nguvu. Mimi niliyaacha, siku ya afisa mmoja aliyekuwa akirudi Nairobi kwenye mkutano, amevaa suti nyeusi. Kifuniko kilipofyatuka tulidhani tairi limepasuka. Nilisimama, nikageuka, nikamkuta mheshimiwa mweupe kuanzia kichwani hadi tai, anapepesa macho. Bibi mmoja aliyekaa kando yake akamfuta kwa shali yake na kumpa pole, halafu akaniuliza kama yamebaki kidogo ya kumpelekea mwanawe. Yule afisa alicheka mpaka akashuka. Suti ilipanda ndege ikinuka, na yeye ndani yake, lakini tangu siku hiyo kila akija Wajir alikataa gari la ofisi yake akasubiri langu.

Sasa niwape ile safari ya Fardosa, ambayo ndiyo mnayoitaka. Fardosa ni mwalimu wa Buna, mji mdogo kaskazini yetu, mwanamke mpole, anayezungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa la kwanza. Mama yake, Mama Dahabo, alianguka kisimani akavunjika nyonga, wakampeleka hospitali Nairobi, akafanyiwa upasuaji. Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ilikuwa moja, mama hakutaka kula. Sahani ya hospitali iliwekwa mbele yake na kuondolewa ilivyo. Mwanawe wa kiume anayeishi huko alimletea wali na nyama kutoka hoteli za Wasomali, mama akaugeukia ukuta. Daktari aliwaambia wazi kwamba asipokula kidonda hakitapona, na mwili hauna akiba tena. Fardosa akaomba ruhusa shuleni, akaja Wajir, akakata tiketi. Alikuwa na wazo moja tu kichwani: nyama ya ngamia ya Eedo Halima, ambayo mama yake alikuwa akiila kila alipokuja mjini. Hiyo akiikataa, basi, Fardosa hakujua la kufanya.

Asubuhi hiyo niliwachukua kwanza akina dada wawili waliokuwa wakienda harusini, hina bado mbichi mikononi, kwa hiyo nilifungua na kufunga milango yote mimi. Kisha nikamchukua Haji Gedi, mfanyabiashara wa ng'ombe, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Fardosa nilimpata kwa shangazi yake, tayari amesimama nje ya lango. Tukaenda jikoni.

Eedo Halima alikuwa amesimama juu ya sufuria akiwa na uso wa hakimu. Nyama aliyoletewa alfajiri ilikuwa ya ngamia mzee, ameirudisha yote kwa mwenyewe, na hii ya pili ndiyo kwanza imeshika moto. Nilimwambia ndege haitangoja. Akaniambia ndege ni chuma, haina njaa. Nikamwambia basi atupe ilivyo, ikamalizikie hotpotini njiani.

"Warya, Ibrahim, hii nyama bado," akasema. "Ukibeleka sasa, hooyo, mama wa watu, atafunjika meno juu ya nyonga."

Haji Gedi alikuwa ameanza kunguruma garini kwamba yeye ana wanunuzi wanamsubiri, na kwamba ofisi yetu ingeandika tu kwenye tiketi kwamba safari inaanzia jikoni. Fardosa akashuka, akaenda dirishani kwake, akamweleza kwa adabu chakula hicho ni cha nani. Haji akafungua mlango. Kisha akashuka, akakunja mikono ya kanzu, akachukua upepeo na kuchutama mbele ya jiko la makaa kama mpishi wa siku zote. Wale dada wa harusi, kwa kuwa mikono yao haikuruhusiwa kugusa kitu, walisimama nyuma yake wakimwelekeza: upande huu, Haji, sasa ule, usilale Haji. Cheche zilimrukia kanzuni na hakuzijali. Fardosa alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimchukue, na mimi nikajua siku hiyo inaenda mahali pazuri hata tukiachwa na ndege.

Nyama ikaiva. Nilipoomba kiasi cha mgonjwa mmoja, Eedo Halima alinitazama kana kwamba nimemtukana. Hajawahi kumpakulia mtu mmoja na hana kijiko cha kipimo hicho. Akatoa hotpoti yake kubwa kuliko zote, akajaza wali, akapanga nyama juu, akaweka vipande vya nundu katikati pale moto unapokaa zaidi, akamwagia mchuzi. Nikafunga kikoi, nikaweka basbaas kiatuni, tukaondoka. Punda wa mikokoteni ya maji walinipisha, mbuzi walinipisha, na mahali ambapo ngamia hawakunipisha Haji alitoa kichwa nje akawasemesha kwa lugha wanayoielewa.

Uwanjani tulikuta ndege bado ipo, na tukakuta mizani. Ndege ndogo haina utani na uzito. Binti wa mizani alipima, akapima tena, akasema samahani, hotpoti hiyo ina uzito wa mtoto mnene, kuna mzigo lazima ubaki. Kabla Fardosa hajafungua mdomo, Haji alikuwa ameshateremsha begi lake na kuliweka miguuni pangu, akaniambia nilitume kwa ndege ya safari ijayo. Baadaye alidai kwamba kitendo hicho kilimpa haki fulani, kama mtakavyosikia.

Rubani, kijana wa bara mwenye tai fupi, akaja kututangazia kwamba upepo umeinua vumbi na tungoje litulie. Basi wakakaa kwenye banda la abiria. Mimi nilitoka kushughulika na mlango wa nyuma wa gari ambao siku zote unahitaji maneno mazuri ili ufunge. Na hapo ndipo Fardosa, peke yake, bila kiongozi, akaona tone la mchuzi limepenya kwenye kikoi. Akaingiwa na wasiwasi kwamba chakula kinamwagika. Akafungua fundo. Akafunua kifuniko.

Wageni huenda hawajui uzito wa jambo hilo. Kwetu, mtu akifunua chakula mbele za watu amewakaribisha. Hakuna cha kueleza, hakuna cha kuuliza ni cha nani, na mwenye chakula hawezi kusema ngojeni. Ukisema ngojeni, habari itafika Mandera kabla yako. Mvuke ulitoka, harufu ikajaza banda lote, mtu akasema Bismillah, na chupa ya maji ya kunawa ikaanza kuzunguka.

Niliporudi nilisimama mlangoni. Haji Gedi alikuwa amechutama na mkono wake uko ndani ya wali hadi kifundo. Dada wa harusi walikuwa wakila kwa mikono ya hina iliyokauka vizuri sana. Binti wa mizani alikuwepo. Rubani alikuwepo, ameichomeka tai yake ndani ya shati, anauliza hii nyama ni ya nini, ni tamu hivi kwa nini. Fardosa alikuwa amekaa pembeni, mgongo wima, midomo inatabasamu kwa adabu zote alizolelewa nazo, na machozi yanamdondokea kwenye kitambaa. Niliinama nikamuuliza kwa nini amefungua.

"Ningesema nini, adeer?" akajibu polepole. "Wameshanawa mikono."

Haji alisikia. Mkono wake ukasimama njiani kuelekea mdomoni, na ndani yake kulikuwa na kipande cha nundu. Alimtazama Fardosa, akakitazama kile kipande, akanitazama mimi. Nilimuuliza, Haji, si wewe uliyepepea moto wa nyama hii? Si wewe uliyeacha begi? Akasema ndiyo, ni yeye, lakini alipokinusa akili yote ilitoka, na hata hivyo alidhani begi lake limehesabika. Wale dada wakaanza kumcheka na kulia kwa pamoja. Rubani akaelezwa, akasimama, akavuta tai yake nje taratibu, akawa hajui aiweke wapi mikono.

Haji akarudisha kile kipande ndani, kwa heshima, akafuta vidole. Halafu akasema neno ambalo sisi wote tulilijua, ila yeye ndiye aliyelitamka.

"Mimi nimekula chakula ya mgonjwa. Wallahi, soko sitaiona kabla sijaenda hosbitali nikamsalimia huyo mama, nimwambie kwa mdomo wangu."

Dada wa harusi nao wakaapa, bibi harusi angoje. Hivyo ndivyo ilivyo. Ukishakula cha mtu, huwezi kuupita mlango wake, na safari hiyo mlango wa Mama Dahabo ulikuwa wodi ya hospitali. Rubani akasema yeye ana zamu ya kurudi lakini apelekewe salamu, na kwamba angalau atahakikisha kilichobaki kinafika kikiwa cha moto. Nilifunika hotpoti ikiwa imebaki nusu. Nikaifunga kwa kikoi, nikaongeza kilemba changu juu, nikafunga mafundo ambayo mtu angehitaji kisu. Vumbi likatulia, wakapanda, wakaruka.

Mimi nikabaki na begi la Haji. Vijana wangu, kuna siku unamshusha abiria na kazi inaisha. Siku hiyo haikuisha. Niliosha gari ambalo lilikuwa safi. Nilipita nyuma ya jiko la Eedo Halima nikiinama ili asiniulize. Chakula cha mchana kiliwekwa mbele yangu nyumbani na sikuweza kukigusa, na mke wangu akauliza kama nami nimevunjika nyonga. Niliwaza tu yule mama na ukuta wake, na nusu ya hotpoti, na kama nusu hiyo nayo ataikataa itakuwaje.

Jua lilikuwa limeanza kulegea simu ilipoita, simu ya video, na kwenye kioo palikuwa na pua ya Fardosa na nyuma yake korido. Alikuwa anacheka bila sauti, mkono mdomoni. Nilimuuliza kuna nini. Akaigeuza simu polepole kwenye upenyo wa mlango ili nione mwenyewe.

Baadaye alinisimulia walivyoingia. Muuguzi alisema wageni wawili tu, Haji akamwambia wao ni wawili, yeye na msafara. Sinia haikuwepo, muuguzi mwenyewe akawatafutia trei kubwa safi, wakamimina chakula chote humo na kuiweka kitandani. Haji alikuwa amejitayarisha kuungama, akaungama kwa kirefu, akasimulia moto, begi, tai ya rubani, na kile kipande cha nundu alichokirudisha. Dada wa harusi walimkatiza kila sentensi, wakimsahihisha. Hakuna aliyemwambia mama ale. Walimsahau, kusema kweli, walikuwa na njaa ya safari na ubishi ulikuwa mtamu, wakazunguka kitanda na kuanza kula. Haji, akiwa katikati ya maneno ya kuomba msamaha, akanyoosha mkono kwenye nundu ileile.

Mama Dahabo akampiga kofi la mkono. Kisha akakichukua kile kipande yeye, akakitia mdomoni.

Hapo ndipo Fardosa alipotoka kwenda koridoni, akanipigia. Nilichokiona kwenye kioo ni mwanamke mzee mwenye mikono myembamba, ameegemea mto, anakusanya wali kwa vidole na kuukandamiza na nyama, anakula, anatafuna huku akimgombeza Haji, anachukua tena. Pembeni mwanawe wa kiume ameshika jagi la maji na amesahau kulimimina. Nilipiga kelele barabarani. Watu waliokuwa wakinywa chai walisimama wakidhani nimefiwa, nikawaonyesha simu, nikawaambia anakula, anakula, na wao bila kujua ni nani wakasema Alhamdulillahi.

Mama alisikia kelele akauliza ni nani huyo. Fardosa akaingia na simu, akamwambia ni Ibrahim, dereva aliyekileta chakula uwanjani. Uso wa Mama Dahabo ukajaa kioo chote, wali kidevuni.

"Wewe umekula?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa na macho ambayo hayadanganyiki, nikamwambia la, mama, leo haikupita hata chai. Akaweka chini tonge lake kwenye trei. Akasema yeye hali tena mpaka aone nami nakula, na akaukunja mkono wake kifuani, yule yule aliyewashinda daktari na mwanawe. Nilimwona Fardosa nyuma yake ameshika kichwa.

Nilikimbia, vijana wangu. Mtu wa umri wangu, kilemba sina, simu mkononi, nilikimbia kwenye mchanga hadi kwa Eedo Halima, nikamwambia anipakulie haraka na asiulize. Aliuliza, bila shaka, lakini mikono yake ilipakua huku anauliza. Nikaegemeza simu kwenye jagi, nikanawa, nikasema Bismillah, nikala tonge la kwanza, mama akitazama kama mwalimu. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akaliokota tonge lake. Eedo Halima akavuta kiti akakaa nami, akanawa, naye akala. Tukala hivyo, wao Nairobi na sisi Wajir, mpaka trei ile ikawa tupu na Mama Dahabo akalamba vidole.